Kanyaga, Achia

Gari la Daktari lilirudishwa uani kwa kuvutwa na kamba, pua imebonyea na taa moja inaning'inia kwa waya wake. Majirani walilisindikiza mpaka getini kama wanaosindikiza maiti, ila hawa walikuwa wanacheka. Fundi Spoku alisubiri watawanyike, akafunga geti, akafungua boneti. Hakuangalia rejeta wala feni. Aliingiza mkono moja kwa moja kwenye kabureta mbili zilizokaa bega kwa bega, akagusa kile alichokuwa anakiogopa tangu alipopigiwa simu.

Spoku yake ilikuwa imepinda katikati, na ncha yake imejikunja na kung'ang'ania ukingo wa bati la pembeni. Kabureta ya nyuma ilikuwa bado wazi kabisa, kana kwamba kuna mtu ndani bado anakanyaga mafuta. Alipoinyofoa, kile kilango cha ndani kikajifunga. Akaifuta grisi, akaitia mfukoni.

Gari lile la rangi ya maziwa lilitengenezwa zamani, kabla hata ya fundi mwenyewe kuzaliwa, na kila kabureta yake hufunguliwa na kifimbo chake cha chuma, kifupi kuliko kalamu, chenye vikombe viwili vidogo vinavyobana juu ya gololi. Kimoja kilikuwa hakipo. Fundi alikitafuta madukani akakikosa, akachoka, akakata spoku ya baiskeli, akazikunja ncha zake kwa koleo, akaifunga. Ndivyo alivyofunga vitasa vya milango, pasi, redio na viti vya nusu ya mtaa, na ndivyo alivyopata jina. "Spoku haijawahi kuniangusha," alikuwa akisema, na waliomcheka ndio hao hao waliorudi kesho yake na majiko yaliyovunjika miguu.

Mdogo wake, ambaye wote walimwita Dereva, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango na bandeji kwenye kifundo cha mkono. Ndiye aliyelitoa gari kwenda kulijaribu. Ndiye aliyelipeleka, bila kutaka, mpaka kwenye ukuta wa duka la fundi cherehani.

"Kaka, nilitoa mguu," alisema.

"Pumzika kwanza."

"Nilitoa mguu, gari likazidi kwenda. Nikakanyaga breki, likawa linashindana nami."

"Nimesikia."

Dereva aliitazama miguu yake miwili, iliyokuwa imevaa viatu vya kazi. Alikuwa akiendesha basi la wanafunzi, na hajawahi kugusa hata kuku barabarani. "Watu pale wanasema nimechanganya pedali. Wewe umeangalia. Kuna kitu humo?"

Fundi alishusha boneti. Ilikataa kufunga, akaibonyeza kwa viganja vyote viwili.

"Bado sijaona kitu," alisema.

Alitegemea moyo umuume baada ya kusema hivyo, lakini haukumuuma. Ulikuwa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi. Alijua upo, basi.

*

Maneno ya mtaani hayana breki. Mtu mmoja katika ule umati pale kwenye duka la fundi cherehani alisema dereva kachanganya pedali, na kabla jua halijazama ndivyo ilivyokuwa. Wazazi wa wanafunzi wakasikia. Meneja wa kampuni ya mabasi akapiga simu, kwa sauti ya upole kabisa, akasema ufunguo wa basi uachwe kwa mlinzi, na Dereva afike ofisini Ijumaa asubuhi ajieleze.

Dukani alikokwenda kununua mkate, muuzaji alimtania mbele ya watu. "Mkate huu uko kulia, sukari iko kushoto. Taratibu, usije ukachanganya." Watu wakacheka, na Dereva naye akacheka kidogo, kwa sababu asiyecheka hutaniwa zaidi. Aliporudi nyumbani alisahau kwamba alitumwa na sukari pia.

"Si kitu, shemeji," mke wa fundi alimwambia. "Tutatumia ya kahawia iliyobaki."

Alikuwa mwanamke wa maneno machache, anayefua nguo za watu nyumbani kwake na kuzipiga pasi sebuleni, hapo hapo shemeji yake alipolala. Aliona kila asubuhi jinsi Dereva alivyoshuka ile ngazi ya mlangoni. Zamani aliiruka. Siku hizi alisimama juu yake, akautazama mguu wa kulia, akautazama wa kushoto, ndipo akashuka kama mzee.

"Shemeji," Dereva alimwambia siku moja, "mtu anaweza kukanyaga kitu akadhani anakanyaga kingine?"

"Mbona unauliza?"

"Kila nikikumbuka, nakumbuka nimetoa mguu. Lakini watu wote wanasema. Labda nilichanganya kweli, kichwa ndicho kinanidanganya."

Mke wa fundi alinyunyiza maji kwenye shati la mtu, akaweka pasi juu yake.

*

Ile spoku mke wa fundi aliikuta kwenye suruali ya kazi ya mumewe, alipokuwa anapekua mifuko kabla ya kuloweka. Hakuuliza siku ile. Asubuhi iliyofuata aliiweka mezani, kando ya kikombe cha chai, kama kijiko.

"Umeitoa wapi?" fundi aliuliza.

"Mfukoni mwako. Ni ya gari lile?"

Fundi akatazama ndani ya kikombe. Nje, Dereva alikuwa anafagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa.

"Shemeji anajua?"

"Hajui."

"Na Daktari?"

"Daktari alinikataza kwa mdomo wake. Alisema, fundi, fanya vyote, ila spoku sitaki. Akijua, hakuna mtu atakayeniletea hata toroli."

"Na shemeji je?"

"Nitaongea naye nikishalitengeneza gari."

"Ijumaa anaitwa."

"Najua."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mkewe alisema, akachukua beseni lake. Hakupandisha sauti. Fundi angependa apandishe, wagombane, yaishe. Alikunywa chai yote mpaka majani ya chini.

*

Mchana ule alikwenda kwa Mama Vyuma. Uwanja wake ulijaa magari yasiyo na milango na milango isiyo na magari, na yeye alikaa katikati kwenye kiti kilichong'olewa kwenye lori, miguu juu ya betri iliyokufa. Kwake spea haiulizwi kwa mdomo. Unaleta ile ya zamani, mnazilaza pamoja mezani, zikilingana unalipa, zisipolingana unakwenda zako. Sheria hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe, na haikuwa na msamaha.

"Natafuta kifimbo cha kabureta," fundi alisema, akaonyesha urefu kwa vidole.

"Vidole vyako vitarefuka na kufupika kabla sijasimama. Lete ya zamani."

"Imepotea, mama."

"Basi na yangu imepotea."

Fundi akasimama. Mteja mwingine alikuja, akalinganisha kitasa chake, akalipa, akaondoka. Ndipo fundi akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua juu ya meza.

Mama Vyuma aliibiringisha ile spoku kwenye kiganja. Hakucheka, ingawa alikuwa mtu wa kucheka.

"Hii ni ya baiskeli, fundi."

"Ndiyo."

"Ilikatika?"

"Ilipinda. Ikanasa, kabureta ikabaki wazi."

"Kulikuwa na mtu ndani?"

"Mdogo wangu."

"Mzima?"

"Mzima," fundi alisema, na neno hilo lilikuwa zito kulitoa kuliko alivyodhani.

Mama Vyuma aliinuka, akarudi na boksi la vifimbo vilivyochanganyika kama mifupa ya samaki. Fundi alikuwa amekuja na mkono wa kabureta wenye gololi yake, akaanza kujaribu. Cha kwanza kilikuwa kirefu. Cha pili urefu ulikuwa sawasawa, lakini vikombe vyake vilitengenezwa kwa gololi kubwa ya magari yaliyofuata baadaye. Kilikaa, kikacheza, kikatoka chenyewe.

"Hiki kinafaa," alisema. "Nitaweka kipande cha plastiki ndani, kitabana."

Mama Vyuma alimtazama tu, mpaka fundi mwenyewe akasikia alichokuwa amesema. Akakirudisha kwenye boksi.

"Twende huku," mama alisema.

Nyuma kabisa, chini ya bati, kulikuwa na gari ndugu wa lile la Daktari, limekaa kwa tumbo, nyasi zimeota kwenye buti. Boneti ilifunguka kwa kelele. Kabureta zenyewe zilikuwa zimeshauzwa, lakini chuma cha katikati kinachoziunganisha kilikuwepo, na vifimbo vyake vyote viwili vikining'inia, na springi zake za kurudishia. Kimoja kilikuwa kimenyooka. Kingine kilikuwa kimepinda, labda kwa ajali iliyolileta hapo. Fundi alikifungua kilichonyooka taratibu, akakiweka juu ya gololi aliyokuja nayo, akabonyeza kwa kidole gumba. Kikabana. Akakivuta, hakikutoka, akakizungusha, kikazunguka laini bila kucheza. Miaka yote aliyokuwa akiunga na kufunga vitu kwa spoku, alikuwa amesahau jinsi kitu chenyewe kinavyokaa mahali pake.

Alilipa bila kuomba apunguziwe. Kisha akakiondoa na kile kilichopinda.

"Hicho kimekufa," Mama Vyuma alisema. "Cha nini?"

"Cha kumrudishia mwenye gari."

Mama Vyuma alielewa. Ni desturi: fundi mwaminifu akibadilisha kitu humrudishia mwenye mali kile cha zamani, asije akadhani ameibiwa.

"Kilichopinda sikuuzii," alisema. "Chukua. Ila usiseme umekitoa kwangu."

*

Kazi ya kulinganisha kabureta mbili inataka watu wawili, mmoja kwenye pedali na mmoja kwenye boneti. Fundi hakuwa na mtu mwingine. Dereva alipoitwa alisimama mlangoni mwa gari muda, kisha akaingia, akakaa pembeni ya kiti kama mgeni.

"Kanyaga," fundi alisema.

Vilango vilifunguka, cha mbele kikikitangulia cha nyuma. Fundi alitoa kifimbo, akazungusha kikombe cha mwisho kwenye hesi zake, yale meno kama ya skrubu, nusu mzunguko, akakirudisha.

"Kanyaga. Achia."

Vilikuwa vinakaribiana. Aliwasha injini, akachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, akasikiliza inavyovuta pumzi. Akahamia ya nyuma. Akarudi kwenye hesi.

"Kanyaga. Achia. Tena. Achia."

Sauti za pumzi zikawa moja. Ilikuwa kazi nzuri, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuhisi chochote. Alizima injini.

"Kaka," Dereva alisema ndani ya gari.

"Naam."

"Inarudi."

Fundi hakuinua kichwa.

"Nikiachia, inarudi yenyewe, inanisukuma mguu. Siku ile haikunisukuma. Ililala chini kama imekufa." Alikanyaga tena, akaachia, akakanyaga. "Au mguu haukuwa juu yake. Ukiwa juu ya breki, utaisikiaje?"

Boneti ilikuwa katikati yao. Dereva hakuweza kumwona uso, na fundi alikuwa anashukuru kwa hilo. Angeweza kusema pale pale. Sentensi ilikuwa fupi, ilikuwa imeshafika mdomoni. Lakini Daktari alikuwa njiani kuja kuchukua gari, na fundi aliona ni afadhali likishaondoka.

"Toka sasa," alisema. "Umenisaidia."

*

Daktari alikuwa daktari wa meno, mtu nadhifu, mikono yake inanukia sabuni. Gari alilirithi kwa baba yake. Kuhusu pua iliyobonyea alisema atalipeleka kwa watu wa bodi. Alichotaka kwa fundi ni liende kama lilivyokuwa likienda zamani. Aliwasha, akasikiliza, akatabasamu. Kisha akaja kwenye boneti na simu yenye picha za kitabu cha gari, akalinganisha kifimbo kimoja kimoja.

"Hiki cha nyuma ni chenyewe?"

"Chenyewe, Daktari."

"Na cha zamani kiko wapi?"

Fundi akampa kile kilichopinda. Daktari alikigeuzageuza, akakilinganisha nacho na picha.

"Kwa hiyo tangu mwanzo uliniwekea cha kiwandani. Nisamehe, fundi, watu walinitia wasiwasi na zile spoku zako. Unaapa?"

"Naapa," fundi alisema.

"Kimepindishwa na ukuta ule, masikini." Alikifunga kwenye gazeti, akakiweka kwenye buti. Alipokuwa anapanda alimwona Dereva mlangoni, akashusha sauti, lakini si sana. "Huyu mdogo wako ni kijana mzuri. Ila gari langu asiliguse tena."

Dereva ndiye aliyemfungulia geti.

Jioni ile fundi hakusema. Alisema moyoni kwamba mdogo wake amechoka, aachwe alale. Mkewe alipiga pasi nguo za watu, akamaliza, kisha akachukua shati jeupe la shemeji yake, akalipiga pasi mpaka kola ikasimama. Baada ya hapo akachukua shati la mumewe, lile la kuendea msibani, akalipiga pasi vile vile. Akayatundika yote mawili kwenye msumari mmoja, akazima taa.

*

Asubuhi ya Ijumaa Dereva alimkuta kaka yake amevaa.

"Unakwenda wapi, kaka?"

"Nakusindikiza."

Meneja wa mabasi alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani, anayewaita madereva wake wote "mwanangu" na kuwafukuza kwa sauti hiyo hiyo. Aliwakaribisha viti. Alimwuliza Dereva nini kilitokea, na Dereva akasema, "Nafikiri nilitoa mguu, mama. Lakini sina uhakika tena."

"Wazazi wanataka mtu mwenye uhakika, mwanangu."

"Alitoa mguu," fundi alisema.

Wote wawili wakamgeukia. Akafungua kile kitambaa, akaweka spoku juu ya meza, kati ya vikombe vya kalamu. Alieleza yote, kifimbo kilichokosekana, ncha iliyojikunja, kabureta aliyoikuta wazi. Alieleza vibaya, kwa kurudiarudia, akimtazama meneja tu. Upande ule alipokaa mdogo wake hakugeuka.

Meneja aliishika spoku, akaitazama juu na chini.

"Wewe ndiye Fundi Spoku."

"Ndiye."

"Kitanda cha mama yangu ulikifunga na moja ya hizi." Aliiweka chini. "Mtu mwenye spoku mtaa mzima, atakosa moja iliyopinda ya kuniletea?"

"Mpigie Daktari."

Alimpigia, akaiweka simu mezani ili wote wasikie. Daktari alisalimia vizuri. Alisema fundi alimwonyesha vyuma vyote, kila kimoja cha kiwandani, na cha zamani alimrudishia kwa mkono wake, kimo kwenye buti hadi sasa.

"Daktari, hicho si chenyewe," fundi alisema, akiinamia simu. "Nilikiokota. Chenyewe ni hiki hapa."



"Fundi, uliniapia."

"Nilidanganya."

"Nilikilinganisha na picha mwenyewe, na gari linarudi vizuri, halina kasoro." Sauti ya Daktari haikuwa na hasira, ilikuwa ya mtu anayemtuliza mgonjwa. "Mama meneja, usimlaumu. Ndugu ni ndugu. Hata mimi ningesema."

Meneja alikata simu. Alivua miwani, akafuta vioo kwa ncha ya kitambaa chake.

"Damu nzito kuliko maji, naelewa," alisema. "Na ungekuja na hii siku ya ajali, gari likiwa vile vile, ningekwenda kuliona kwa macho yangu. Sasa unataka nione nini?" Akamgeukia Dereva. "Usukani siwezi kukupa, mwanangu. Nafasi ya kuosha mabasi ipo, kama unataka."

"Nataka," Dereva alisema. "Naanza lini?"

"Hata leo."

Fundi aliikunja spoku ndani ya kitambaa, kwa sababu hakuna aliyeihitaji pale. Walitoka nje. Ofisi ilikuwa juu, na ngazi zake za saruji zilishuka mpaka uwanja wa mabasi. Fundi alishika ukingo wa chuma. Dereva alitangulia, akashuka bila kuitazama miguu yake, mguu huu na mguu huu, mpaka chini. Pale chini akasimama akamngojea.

"Kwa hiyo nilitoa mguu," alisema.

"Ulitoa."

"Na breki nilikanyaga."

"Ulikanyaga. Hakuna ambaye angelisimamisha."

Dereva alitikisa kichwa polepole. Mbele yao basi lake la zamani lilikuwa limeegeshwa, vumbi mpaka madirishani, na mtu mwingine alikuwa anapanda kwenye usukani kulitoa.

"Ningekwambia," fundi alisema. "Nilikuwa nasubiri..."

"Nilikuuliza, kaka," Dereva alisema bila kupandisha sauti. "Siku ile ile, uani, nilikuuliza."

Akakunja mikono ya shati lake jeupe, akaenda kumwuliza mlinzi ndoo zinawekwa wapi.